Asilimia Si Ushahidi

Vyuoni huu ni msimu wa kukusanya ripoti za utafiti. Ukipita karibu na chuo chochote utakuta steshenari zimejaa hadi usiku: huyu anachapa, yule anajalidi, mwingine anabembeleza aongezewe muda kwenye kompyuta kwa sababu msimamizi ametuma masahihisho saa kumi jioni na mwisho wa kukusanya ni kesho. Hayo tumeyazoea. Kilichoongezeka miaka hii ni hofu ya aina nyingine. Zamani mwanafunzi aliogopa maswali ya jopo. Leo anaogopa namba, asilimia inayotolewa na programu, ikidai kwamba sehemu ya kazi yake imeandikwa na akili mnemba.

Leo nataka tuizungumzie namba hiyo: inapatikanaje, inamuumiza nani, na kwa nini chuo kinachojali haki hakiwezi kuitumia kumhukumu mtu.

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliiweka hadharani ChatGPT. Haukupita muda wahadhiri wakaanza kupokea insha laini, zilizopangika, kutoka kwa wanafunzi ambao wiki chache kabla walishindwa kuunganisha aya mbili. Walishtuka, na walikuwa na sababu. Udanganyifu vyuoni upo. Sisi Afrika Mashariki tuliujua kabla ya mashine: kwa miaka mingi vijana wengi wa Kenya, wasomi wazuri waliokosa ajira, wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Nesi aliyeandikiwa ripoti yake atakuja kukudunga sindano wewe. Mhandisi aliyedanganya ndiye atakayesaini michoro ya daraja unalopita na watoto wako. Kwa hiyo ninayoyasema leo hayamtetei mdanganyifu hata kidogo. Namtetea yule aliyekesha akiandika mwenyewe, kisha akaitwa mwizi.

Soko liliitikia hofu ya wahadhiri upesi. Januari 2023 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Edward Tian, alitoa programu ya kutambua maandishi ya mashine, aliyoiita GPTZero. Mwisho wa mwezi huohuo OpenAI nao wakatoa kipima chao. Tarehe 4 Aprili 2023 ikafuata Turnitin, programu ambayo vyuo vingi vya kanda yetu vinaitumia kukagua kunakili. Iliongeza kipengele cha kutambua maandishi ya akili mnemba, na tangu hapo programu moja inatoa taarifa mbili zilizo tofauti kabisa, zote kwa asilimia. Watu wengi hawazitofautishi, na madhara mengi yanaanzia hapo.

Taarifa ya kwanza ni ile ya zamani, ya mfanano. Ikisema asilimia 30, inakuonyesha sentensi zenyewe zimepakwa rangi, na pembeni kuna chanzo: tasnifu fulani, makala fulani, tovuti fulani. Mhadhiri anafungua chanzo na kulinganisha. Huenda akakuta ni majina ya sheria, orodha ya marejeo, au nukuu iliyofungwa vizuri, akaachana nayo. Huenda akakuta kurasa tatu nzima za mtu mwingine. Kwa vyovyote ana kitu cha kuweka mezani, na mwanafunzi anakiona.

Taarifa ya pili, ya akili mnemba, inapaka rangi sentensi na kutoa asilimia, basi. Pembeni hakuna chanzo, kwa sababu hakuna mahali ambapo programu inaweza kwenda kuyakuta maandishi yaleyale ikayalinganisha. Inachotoa ni kadirio. Mwanafunzi akiuliza, "Mmeona nini kwenye kazi yangu?", hakuna jibu ila, "Programu imesema."

Na kadirio hilo linatoka wapi? Nikikwambia, "Haraka haraka haina," wewe uliye jikoni na wewe uliye kwenye daladala mmeshamalizia "baraka" kabla yangu. Neno hilo lilitabirika. Programu kama ChatGPT zinaandika kwa kubashiri hivyo: kila hatua zinaangalia ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata. Vipima vya mwanzo viliigeuza hesabu hiyo. Vilisoma kazi ya mwanafunzi na kupima maneno yake yanatabirika kiasi gani, na sentensi zake zinalingana kiasi gani kwa urefu na umbo. Yakitabirika sana na zikilingana sana, kipima kinasema ni mashine. Vipima vya sasa vimefundishwa kwa mifano mingi zaidi, lakini kazi yao ni ileile, kutazama sura ya maandishi na kukisia mwandishi.

Sasa tujiulize, ni binadamu gani anayeandika kwa maneno yanayotabirika na sentensi zinazolingana? Ni yule anayeandika kwa lugha aliyojifunzia darasani.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, miongoni mwao Weixin Liang na James Zou, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili katika jarida la Patterns. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, ambao hufanywa na watu wasiozaliwa na Kiingereza. Insha zote ziliandikwa na binadamu. Walizipitisha kwenye vipima 7. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Insha 18 zilishukiwa na vipima vyote 7 kwa pamoja. Insha za wanafunzi wa darasa la 8 wa Marekani zilipopitishwa humohumo, karibu zote zilionekana ni za binadamu.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Waliiambia ChatGPT izichukue zile insha za TOEFL na kuzitajirisha msamiati, zisomeke kama za mzawa wa Kiingereza. Kiwango cha kushukiwa kikashuka hadi kama asilimia 12. Msikilizaji, lipime jambo hilo. Insha ilipokuwa jasho la mwanafunzi mwenyewe, ilishukiwa. Mashine ilipoigusa, ikasafishika.

Turnitin haikuwa miongoni mwa vipima hivyo 7, na kampuni hiyo inasema kipima chake hakiwaonei wasiozaliwa na Kiingereza. Nawapa haki yao ya kusema. Lakini mwanafunzi wa Mbeya au wa Eldoret hana namna ya kuihakiki kauli hiyo juu ya kazi yake mwenyewe, na msimamizi wake pia hana.

Tuje kwetu. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Alipofika kidato cha kwanza, masomo yakageuka Kiingereza karibu yote. Wengi walivuka kwa kukariri namna ya kuanza aya, namna ya kutaja faida tano na hasara tano, namna ya kuhitimisha. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 aliandaliwa kwa insha ya Kiingereza iliyosahihishwa kwa alama 40 katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Alifundishwa kupamba kwa misamiati mizito na kuweka kiunganishi kila aya inapogeuka. Wote wawili walipewa alama kwa kuandika hivyo. Leo wanashukiwa kwa kuandika hivyohivyo.

Kisha fungua Sura ya Kwanza ya ripoti yoyote ya shahada ya kwanza. Usuli wa tatizo, tamko la tatizo, lengo kuu, malengo mahususi, maswali ya utafiti, umuhimu wa utafiti, mipaka ya utafiti. Vichwa hivyo vimo kwenye mwongozo wa chuo na mpangilio wake si wa kuchagua. Chini ya umuhimu wa utafiti, mwanafunzi ataandika kwamba matokeo yatawasaidia watunga sera, yataongeza maarifa, na yatakuwa msingi wa tafiti nyingine. Akijaribu kusema kwa namna yake, msimamizi anakata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Fuata mwongozo." Anafuata. Baadaye kipima kinakutana na kurasa zenye maneno yaliyotabirika na sentensi zilizolingana, na kuzipaka rangi tangu juu hadi chini. Chuo kilidai zifanane, na sasa kufanana kwake kumekuwa dalili ya kosa.

Wanafunzi si wajinga, wameshaelewa mchezo. Wapo wanaoharibu Kiingereza chao kwa makusudi, wakiacha kosa moja hapa na jingine pale ili waonekane binadamu. Wapo wanaofuta neno zuri walilolijua wenyewe kwa sababu wamesikia ni neno la mashine. Wapo wanaokata kipande cha bumu, pesa zao za mkopo, kuwalipa watu wanaouza huduma ya kushusha asilimia, au kulipia programu inayovuruga sentensi ili kipima kisizitambue. Sasa tazama nani anapona. Aliyeandikiwa kila kitu na akili mnemba, kwa kuwa anajua anachokificha, anapitisha kazi yake kwenye programu ya kuvuruga na kutoka salama. Aliyeandika mwenyewe, kwa kuwa hana cha kuficha, anapeleka kazi ilivyo na kunaswa. Kifaa kilichonunuliwa kulinda uaminifu kinawafundisha waaminifu kwamba uaminifu haulindi.

Watetezi wa vipima husema makosa ni machache. Turnitin walipozindua kipengele chao walitaja kiwango cha kumshuku asiye na kosa kuwa chini ya asilimia 1. Tuseme ni kweli. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu. Mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin. Asilimia 1 ya hizo ni kazi 750. Agosti 2023 chuo hicho kikakizima kipengele hicho. OpenAI nao, wenye ChatGPT yao, walikiri kwamba kipima chao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyaita ya mashine asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Na hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Cape Town kilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo kinaachana na alama ya akili mnemba ya Turnitin. Hivyo si vyuo vinavyochekea udanganyifu. Vimepima faida na madhara, vikaona havitaki kuwaadhibu watu kwa kukisia.

Asilimia 1 ikiwa kwenye karatasi ni ndogo. Ikikaa kwenye kiti mbele ya meza ya ofisi, ni mtu mzima mwenye jina na wazazi. Mazungumzo ya ofisini huwa hivi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Keti. Hii asilimia 64 unaielezaje?"

"Mwalimu, nimeandika mwenyewe."

"Programu inasema hujaandika. Thibitisha."

Athibitishe vipi? Anayedaiwa kunakili anaweza kusema, "Nionyesheni nilikonakili." Huyu anaambiwa athibitishe kwamba jambo fulani halikutokea, usiku, chumbani kwake, akiwa peke yake. Amebeba bahasha ya kaki yenye hojaji alizojaziwa na wauza samaki wa soko la Feri, nyingine zina alama za maji. Amebeba daftari lenye majina ya waliohojiwa na saa aliyofika kwa kila mmoja. Hakuna anayeifungua bahasha, kwa kuwa ripoti ya programu imeshachapwa na kuwekwa juu ya faili. Kichwani anawaza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Anawaza mkopo utakaosimama, mama aliyekwishawaambia majirani tarehe ya mahafali, na kazi aliyoahidiwa iwapo cheti kitatoka kwa wakati. Hata akija kusafishwa baada ya miezi miwili, mahafali yatakuwa yamepita na wenzake watakuwa wameshasikia kwamba aliitwa.

Jambo la namna hiyo lilitikisa chuo kimoja cha jimbo la Texas, Marekani, Mei 2023. Mhadhiri aliibandikia ChatGPT kazi za wanafunzi na kuiuliza kama ndiyo iliyoziandika. ChatGPT haina namna ya kujua ilichomwandikia kila mtu, lakini ilijibu kwamba ndiyo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakajikuta vyeti vyao vimezuiwa kwa muda. Angalau mmoja alisafishwa mapema kwa msaada wa historia ya faili lake, iliyoonyesha siku na saa alizokuwa akiandika. Hapo ndipo palipokuwa na ushahidi, kwenye safari ya kazi yenyewe.

Wahadhiri, dada na kaka zangu, najua mzigo wenu. Mna darasa la mamia, mna vikao, mna tafiti zenu, na mshahara hauongezeki kwa kuita wanafunzi mmoja mmoja. Ndiyo maana asilimia inavutia, inaonekana kama msaidizi asiyechoka. Lakini hamhitaji kuwahoji wote. Mkishuku kazi, kwa sababu ya programu au kwa sababu ya jicho lenu lenye uzoefu, mwiteni aliyeiandika na mkae naye robo saa. Muulizeni kwa nini alichagua kata ile na si nyingine. Muulizeni ni nani aliyekataa kujibu hojaji na alimwambia nini. Fungueni jedwali la Sura ya Nne na mumwambie alieleze bila kusoma. Muulizeni ni aya gani ilimsumbua kuiandika. Ambaye hakuifanya kazi atakwama mapema, na mtakuwa na jambo la kuandika kwenye barua. Aliyeifanya ataanza kusimulia, na pengine mtashindwa kumnyamazisha. Kwenye ripoti za utafiti mna hata nafasi nzuri zaidi: pendekezo, sura ya kwanza, masahihisho, sura ya pili. Msimamizi aliyeziona hatua zote ana ushahidi ambao hakuna kampuni inayoweza kumuuzia.

Turnitin wenyewe wanasema matokeo ya kipima chao yasiwe msingi pekee wa kumchukulia mwanafunzi hatua. Chuo kinachomwadhibu mtu kwa asilimia peke yake kinakwenda mbali kuliko muuzaji wa kifaa alivyothubutu kwenda.

Na kinagusa sheria pia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki zake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamkinga mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo imeligusa suala la maamuzi ya mashine. Kusikilizwa kunahitaji tuhuma inayoweza kujibiwa. Tuhuma isiyo na chanzo wala maelezo haijibiki, hata ukiwa na wakili.

Wanafunzi mnaonisikiliza, mpaka vyuo virekebishe mambo, jilindeni. Andikieni kwenye programu inayohifadhi historia ya faili. Kila sura mnayomaliza, hifadhini nakala yenye tarehe, na msiifute mkishasahihisha. Tunzeni hojaji, madaftari, rekodi za mahojiano, na zile kurasa zenye kalamu nyekundu ya msimamizi. Mkiitwa, ombeni taarifa ya tuhuma kwa maandishi, ombeni kusikilizwa, na ulizeni utaratibu wa rufaa. Na kama mlitumia akili mnemba mahali, semeni wapi na kwa kazi gani. Aliyeitumia kurekebisha sarufi hayuko sawa na aliyeiachia iandike sura nzima, lakini akificha atachukuliwa kama mwenzake.

Hapo vyuo vina deni. Mwanafunzi anayeandika wazo lake kwa Kiswahili, akalitafsiri kwa programu, kisha akalisahihisha mwenyewe, amekosa au hajakosa? Anayetumia kisahihishi cha sarufi je? Anayeiomba ChatGPT imweleze nadharia, kisha akaenda kuisoma kitabuni? Katika kozi moja mhadhiri huyu anaruhusu, yule anaadhibu, na mwanafunzi anaijua sheria siku anapoitwa. Kanuni iandikwe, itolewe wiki ya kwanza ya semista, na iseme kinachoruhusiwa kwa mifano.

Kwa seneti za vyuo vikuu vyetu nina maombi matatu. Alama ya akili mnemba isiingie kwenye faili la nidhamu kama ushahidi. Ikitumika, iwe sababu ya kumwita mwanafunzi mzungumze tu. Barua ya tuhuma isitoke kabla msimamizi hajakaa na mwanafunzi, akamuuliza juu ya kazi yake, na kuandika alichokisikia. Na mwanafunzi anayechunguzwa aendelee na masomo na mitihani yake hadi uamuzi utoke, kisha awe na mahali pa kukata rufaa kwa watu wasiohusika na uamuzi wa kwanza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kununua programu mpya. Yanaweza kupitishwa kwenye kikao kijacho, kabla ya ripoti za mwaka huu kusahihishwa. Wanaosubiri uamuzi huo ni watoto wetu, na wengi wao wameandika kila neno wenyewe.